Breki ya Nyuma ya Rhobi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nane mchana. Ikinyesha hakuna anayeleta baiskeli kwa fundi, kwa hiyo nimekaa kibandani na daftari hili ambalo Rhobi alilibakiza alipomaliza kidato cha nne. Kurasa za mbele zina michoro yake ya pembetatu. Nimezipita, nimeanzia katikati.

Kama kuna atakayesoma: mimi ni Waitara, fundi baiskeli hapa Nyamwaga, mwaka wa ishirini na nane sasa. Mke wangu ni Tabitha. Watoto ni wawili. Joel yuko Kenya, anakuja Krismasi, mwaka mwingine haji. Rhobi ana miaka ishirini na mbili, yupo nyumbani, tunafanya kazi pamoja. Amepewa jina la mama yangu, kwa hiyo namwita mama.

Alhamisi, 6 Machi

Rhobi amerudi kutoka Sirari na baiskeli ya mtumba ambayo sijawahi kuona ya namna yake. Haina kiti. Si kwamba kimepotea, haikutengenezewa kiti. Fremu iko chini kama mbuzi aliyepiga magoti. Si baiskeli ya kwendea mahali. Mwendeshaji anasimama juu ya pedeli na kuirukisha kutoka jiwe hadi jiwe, na mguu ukigusa chini anahesabiwa kosa.

Mchezo huu ameujua kwa Ogada, Mjaluo wa Migori ambaye mwaka jana alileta vijana wake kuonyesha mnadani. Watu walitazama, wakacheka, wakaenda kununua ng'ombe. Rhobi alibaki. Tangu siku hiyo anaruka mawe ya nyuma ya nyumba yetu kwa baiskeli ya kuazima. Nimemwona akisimama kwa gurudumu la nyuma peke yake, juu ya jiwe lisilozidi ukubwa wa sufuria, ametulia kama mtu anayesubiri zamu yake kisimani. Sijawahi kumwambia nilichosikia moyoni siku hiyo.

Hii mpya ni nzima isipokuwa breki ya nyuma. Haipo kabisa. Na katika mchezo huu breki ya nyuma ndiyo kila kitu, maana ukisimama kwa gurudumu moja, breki ndiyo inayolizuia lisizunguke chini yako.

Jumamosi, 8 Machi

Ogada alikuja leo akielekea kwa wajomba zake. Ni mtu mrefu, wa miaka kama arobaini, anaongea taratibu. Aliikagua baiskeli, akatuonyesha kwamba fremu ina mahali pa kufungia breki za aina mbili. Unaweza kuweka ya ringi, zile raba mbili zinazobana ringi pande zote. Au unaweza kuweka ya diski, sahani ndogo ya chuma katikati ya gurudumu, inayobanwa na vipande vidogo kwa nguvu ya oili.

Akasema ana seti ya diski nyumbani, anaweza kumpa Rhobi, arudishe atakapopata yake. Mimi nikasema ya ringi inatosha. Niliwaeleza: sahani ikigonga jiwe inapinda, tone moja la oili likiangukia vile vipande breki imekufa, na hapa Nyamwaga nzima huwezi kupata kipuri chake. Ya ringi nitaitengeneza mwenyewe, nitaifungua na kuifunga nimefumba macho.

Ogada alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mzee wangu, hiyo ni ukweli yote. Kwa kavu, ya ringi iko sawa, hata inashika kushinda diski. Lakini mashindano ni mwezi wa tano. Mvua itakuwa. Ringi ikilowa inateleza. Hiyo ni mambo ya kitambo."

Wateja walikuwa watatu pale kibandani. Mmoja alicheka. Huenda alicheka jambo lingine.

Rhobi aliniangalia. Nikamwambia, mama, breki nitakufungia mimi. Akaitikia sawa, baba.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Pancha mbili za kuziba, basi.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimepiga grenda ringi yote ya nyuma. Ogada mwenyewe ndiye aliyemfundisha Rhobi kwamba watu wa mchezo huu wanaikwaruza ringi iwe na meno, na wengine wanapaka lami kidogo ili raba ing'ang'anie. Lami nimeitoa pembeni ya barabara kuu, nikaichemshia kwenye kopo. Mikono ya breki nimeitoa kwenye baiskeli mbili, raba nimechonga kutoka kwenye mkanda wa mashine ya kusaga.

Rhobi alipoijaribu kwenye mawe, ilishika kama imepigiliwa msumari. Inapiga kelele kama ng'ombe anayetobolewa sikio, lakini inashika. Aliruka mara kumi na mbili juu ya jiwe moja bila kuteremka. Alishuka akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Jumatano, 19 Machi

Jua kali. Mahindi yanataka palizi ya kwanza. Tabitha yuko shambani tangu asubuhi, ananuna kwa sababu sisi wawili tuko kwenye mawe.

Alhamisi, 27 Machi

Leo nimejua jambo ambalo Rhobi alikuwa anazunguka kunieleza. Mashindano yatakuwa tarehe kumi Mei, kule Itiryo kwenye yale mawe makubwa. Atakayeshinda upande wa wanawake ataingia kwenye kikundi cha Ogada. Watakaa Migori, watakuwa wanakwenda Kisumu, Nairobi, hadi Kampala. Mwaka mzima.

Nikauliza, mwaka mzima halafu unarudi? Akasema ndiyo, baba. Joel naye alisema mwaka mmoja. Huu ni wa saba.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua ya mawe. Migomba sita imelala.

Jumatano, 9 Aprili

Rhobi ameuliza tena kuhusu diski. Aliuliza kwa upole, huku akipangusa cheni, bila kunitazama. Alisema Ogada amepiga simu, seti bado ipo, hata kesho anaweza kuituma kwa basi.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama fundi wake ni Ogada, basi ahamishie vyombo vyake huko. Akarudi kwenye cheni. Baadaye nilimsikia akimwambia mama yake kwamba baba anajua anachofanya.

Hapa naandika kitu ambacho sikumwambia. Breki ya diski sijawahi kuifungua hata siku moja. Nikikosea kutoa hewa kwenye oili yake nitakosea mbele ya watu. Hiyo ndiyo sababu. Habari za sahani kupinda na vipuri kukosekana ni kweli, lakini hazikuwa sababu.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Kanisani, kisha nyama. Joel hakupiga simu.

Jumamosi, 26 Aprili

Rhobi ameondoka jana kwenda Kenyamonta kwa shangazi yake kusaidia kuvuna maharage. Baiskeli imebaki kwangu.

Nimeipeleka nyuma ya nyumba na ndoo ya maji. Nimemwagia ringi ya nyuma maji hadi ikatiririka. Nikabana breki kwa nguvu zangu zote, nikaisukuma baiskeli mbele. Gurudumu lilizunguka. Si sana. Lilishika, likaachia, likashika, likaachia. Nilipaka lami zaidi, nikamwaga maji tena. Likaachia. Nilisugua raba kwa msasa, nikamwaga maji mara ya tatu. Likaachia.

Nilikaa juu ya jiwe. Simu ilikuwa mfukoni na namba ya Ogada ninayo. Nilihesabu siku: kumi na nne. Basi la kutoka Migori linafika siku hiyo hiyo.

Sikupiga. Nilijiambia huenda tarehe kumi ikawa kavu. Mei huwa ina siku za jua.

Jumapili, 27 Aprili

Rhobi amerudi na gunia la maharage begani. Hajaweka hata chini akauliza kama nimejaribu breki na maji, maana kabla hajaondoka nilimwahidi.

Nikasema nimejaribu.

"Inashika?"

"Inashika."

Akasema asante baba, akaenda kunywa maji.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Sina la kuandika.

Jumapili, 4 Mei

Mvua kutwa, na barabara ya Itiryo imekatika mahali pawili. Tabitha, ambaye tangu mwanzo alisema mawe si kazi ya msichana, leo amemshonea Rhobi suruali mpya ya mazoezi na kumwekea kitambaa kinene magotini. Amesema kama ni kwenda, aende amevaa vizuri. Mimi niliyekuwa upande wa Rhobi tangu siku ya kwanza sikuweza kumtazama akiijaribu.

Ijumaa, 9 Mei

Asubuhi palikuwa na manyunyu. Rhobi alifanya mazoezi kidogo, akarudi, akasimama na baiskeli mlangoni pa kibanda kama anataka kusema kitu. Nilikuwa nimeinamia gurudumu la mteja. Nikauliza kuna nini. Akasema hakuna, labda vidole vyangu vimechoka.

Nikamwambia apumzike.

Jumapili, 11 Mei

Jana sikuandika. Leo naandika yote.

Tulifika Itiryo saa tatu. Jua lilikuwa limetoka na mawe yalikuwa yanafuka mvuke. Watu walikuwa wengi, hata wazee waliopanda kilimani na viti vyao. Wanawake wa kushindana walikuwa wanne, watatu wa Kenya na wangu. Mawe yalikuwa yamegawanywa vituo vitano, unapita kimoja kimoja, kila mguu ukigusa chini kosa moja.

Vituo vinne vya kwanza Rhobi alipata makosa mawili tu. Anayemfuata alikuwa na sita. Watu wa Nyamwaga waliokuja walianza kumwita kwa jina. Mzee mmoja, ambaye simjui, aliniuliza ule ni mtoto wa nani, nikamjibu ni wangu.

Kabla ya kituo cha tano mvua ilishuka. Ilikuja kwa upande wa Kenya, tukaiona inavyofuta vilima kimoja baada ya kingine hadi ikatufikia. Watu walijikinga kwa majani ya migomba. Waandaaji wakaulizana kama wasubiri. Wale wa Kenya walisema kwao ni sawa, wote wana diski.

Ogada alitembea mvuani hadi niliposimama. Hakuongea kwa sauti ya kusikiwa na watu, mara hii alisogea karibu kabisa.

"Mzee, nauliza tu. Hiyo breki ulijaribu na maji? Kama bado, naomba niwaambie tusubiri mvua ipite. Watakubali."

Nikamjibu, "Nimejaribu."

Neno hilo lilikuwa la kweli. Nilijaribu mara tatu. Ogada alinitazama, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Ni mtu anayeheshimu neno la mkubwa wake.

Rhobi alikuwa chini ya mawe ya kituo cha tano, ameshika baiskeli, maji yanamtoka kwenye kidevu. Alinitafuta kwa macho katikati ya watu. Nilikuwa na nafasi hiyo ya mwisho. Ningeinua mkono tu. Niliitikia kwa kichwa kumwambia ndiyo, nenda.

Alipanda jiwe la kwanza, la pili. Kwenye la tatu ilibidi asimame kwa gurudumu la nyuma ukingoni, apime, ndipo aruke kwenda la mwisho. Aliinua gurudumu la mbele. Kelele ya breki yangu ninaijua, na haikusikika. Nilichosikia ni mluzi mdogo wa raba juu ya ringi iliyolowa. Gurudumu lilizunguka nusu, mbele, likatoka chini yake, naye akaanguka kwa mgongo katikati ya mawe mawili. Mkono wa kulia ulitangulia.

Sikukimbia.  Aliyemfikia wa kwanza ni Ogada, akapiga magoti kwenye tope, akakishika kichwa chake kisigeuzwe, akawazuia watu wasimvute. Akafunga mkono ule kwa vipande viwili vya mbao na shati lake mwenyewe. Katika gari, hadi hospitali Tarime, alikaa nyuma tumbo wazi akiushikilia mkono wa Rhobi juu ya paja lake ili usitikisike. Mimi nilikaa mbele na dereva.

Njia nzima nilisubiri Ogada aseme. Hakusema. Miezi miwili hii nilikuwa nimemwona kama mtu wa kuja kunidharau na kuninyang'anya mtoto. Jana nilimwona akitetemeka kwa baridi, meno yanagongana, huku akimuuliza mtoto wangu habari za shule ili asilale.

Jumanne, 13 Mei

Wamemwekea chuma. Mfupa umevunjika karibu na kiwiko. Daktari anasema utaunga, ila mkono hautanyooka wote tena. Ni ule wa kulia, unaoshika breki ya nyuma.

Aliyeshinda ni msichana wa Rongo, na nafasi ni yake.

Alhamisi, 15 Mei

Tumerudi nyumbani. Tabitha anamlisha, Rhobi anakataa kulishwa.

Jumapili, 18 Mei

Sikwenda kanisani. Tabitha alikwenda. Rhobi alikuwa uani anachambua maharage kwa mkono wa kushoto, mkono mwingine umening'inizwa shingoni. Nikachukua kigoda nikakaa mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Jumanne, yakapotea yote.

Nikamwambia, mama, ile breki niliijaribu ukiwa Kenyamonta. Niliimwagia maji mara tatu. Haikushika hata mara moja.

Aliendelea kuchambua. Maharage mabovu upande huu, mazuri upande ule. Nikaendelea kwa sababu sikuweza kunyamaza. Nilimwambia nilimwonea haya Ogada, kwamba diski siijui na sikutaka ijulikane. Halafu nikamwambia na lile jingine, ambalo hata humu daftarini sikuwa nimethubutu kuliandika: kwamba nilipokuwa nimekaa juu ya jiwe na simu mfukoni, niliona pia kwamba akishinda ataondoka. Sikutaka aanguke. Mungu ananijua, sikutaka aanguke. Lakini nilitaka asishinde.

 Kuku walikuja kula maharage mabovu, hakuwafukuza.

Akasema, "Ijumaa ile kwenye manyunyu niliisikia inateleza, baba. Mara mbili. Mkono wangu uliniambia."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Wewe ulikuwa umeshajaribu. Nikajua kosa ni la vidole vyangu. Siku nzima nilikuwa navinyoosha, navikanda kwa maji ya moto."

Aliinuka akaingia ndani na sinia lake. Nilibaki na kigoda.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua imepungua. Nimefungua kibanda, nimekifunga.

Ijumaa, 23 Mei

Rhobi hanikasirikii kwa namna ninayoijua. Anaamka, ananisalimia shikamoo baba, ananiwekea chai. Kila kitu kipo mahali pake. Ila zamani alikuwa ananieleza mambo bila kuulizwa: nani kapita, baiskeli gani inalia wapi. Sasa nikiuliza anajibu, na jibu likiisha limeisha.

Nilimweleza Tabitha pia. Sikutaka asikie kwa mwingine. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama Rhobi anajua, nikasema anajua. Akachukua jembe akaenda shambani, jua likiwa kali, saa ambayo hakuna anayelima.

Jumamosi, 31 Mei

Ogada amekuja. Ameleta ile seti ya diski kwenye mfuko, pamoja na habari: ana wasichana wadogo kumi na moja pale Migori wanaoanza, hana wa kuwafundisha kusimama, na amemwona Rhobi akisimama. Anataka aende akafundishe. Mkono ukipona atajaribu tena kuruka, usipopona atakuwa mwalimu. Atakaa kwa dada yake Ogada, mama Amondi, mjane mwenye nyumba ya heshima.

Nilimchukua Ogada pembeni nikamwambia yote, kama nilivyomwambia Rhobi.  Akasema alijua kwamba kuna kitu, kwa jinsi nilivyojibu neno moja tu, na kwamba tangu siku ile anajilaumu kwa kutouliza mara ya pili. Nilitaka anitukane. Badala yake akachukua sehemu ya mzigo wangu, na ule uliobaki kwangu ukazidi uzito.

Jumapili, 1 Juni

Rhobi amekubali kwenda, na leo yeye na Ogada wamefunga diski. Nilileta spana zangu, nikasema nitashika gurudumu. Rhobi akasema, bila hasira, "Acha, baba. Wewe pumzika. Ogada atanisaidia."

Nilikaa mbali nikatazama. Ni kazi rahisi kuliko nilivyofikiri. Hewa inatolewa kwa bomba la sindano lililojazwa oili, unasukuma taratibu hadi povu liishe. Hata saa moja haikuisha. Fundi wa miaka ishirini na nane angejifunza kwa asubuhi moja.

Jumamosi, 7 Juni

Rhobi ameondoka asubuhi kwenda Migori. Mimi ndiye niliyepandisha baiskeli juu ya gari na kuifunga kamba. Alinipa mkono wa kushoto. Nikamwambia aende salama, mama, akasema asante baba, ubaki salama. Tabitha alilia. Rhobi alipopanda alikaa upande wa pili, ambako sikuweza kumwona.

Jumanne, 10 Juni

Mahindi yamekauka vizuri. Tunaanza kuvuna Alhamisi.

Jumamosi, 14 Juni

Rhobi amepiga simu mchana tukiwa shambani. Amempigia mama yake. Tabitha alikuwa ameshika mahindi mikono yote miwili, kwa hiyo aliiweka simu juu ya gunia na kuwasha spika, nami nilikuwa nyuma ya lile gunia nikifunga kamba. Nadhani alisahau kwamba nipo hapo.

Nilisikia yote. Wasichana sasa ni kumi na tatu. Mmoja anaitwa Zilpa, ana miaka tisa, haogopi chochote. Mkono unauma wakati wa baridi. Chakula ni kizuri, samaki kila siku. Aliuliza mahindi, akauliza ng'ombe mweupe kama amezaa, akauliza migomba iliyolala. Halafu akasema salio linaisha, akaaga.

Tabitha alizunguka gunia akanikuta. Mke wangu ni mtu wa kanisa. Katika miaka yetu yote thelathini sijamsikia akisema lisilo la kweli.

Akasema, "Rhobi anakusalimia sana."

Nikamjibu salamu nimeipokea.